Siku Waliyotaka Nitambae

Majuzi binamu yangu alinitumia video kwa WhatsApp, akaandika chini yake, "Hamdi, huyu si wewe?" Nilikuwa dukani kwa mama yangu, nimekaa nyuma ya meza ya vitambaa, na mteja alikuwa akinisubiri nimkatie shifoni. Niliifungua mara moja. Mtoto wa gauni la njano anatambaa kwenye sakafu ya saruji, kichwa kimeinama, mate yanamtiririka, machozi pia, na kinanda cha huzuni kinapigwa. Maneno meupe yanapita juu yake kusema hivyo ndivyo alivyokuwa kabla ya kupata msaada. Halafu kinanda kinachangamka. Mtoto yuleyule amesimama, ameshika kamba ya nguo, anacheka mpaka meno ya nyuma. Hivyo ndivyo alivyo sasa, yanasema maneno. Chini watu walikuwa wamemwaga mioyo na mikono ya kuomba. Wote wale, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mbona gauni ni lilelile.

Mteja aliondoka bila kitambaa. Nilimwambia arudi kesho, kwa sababu mkono wangu wa kulia ulikuwa umejifunga ngumi, na ukijifunga hivyo siwezi kushika mkasi. Tangu siku ile nimekuwa nikisikia harufu ya sabuni ya kipande na saruji iliyochomwa na jua, hata nikiwa ndani na madirisha yamefungwa. Basi nawaandikia nyinyi wa rika langu, mliokuwa watoto wakati nilipokuwa mtoto. Pengine video kama hiyo iliwahi kupita kwenye simu zenu, mkaiwekea moyo.

Tulikaa Kitengela, kwenye jumba la ghorofa ambalo chini yake Hooyo, mama yangu, alikuwa na duka. Aabo, baba yangu, alikuwa mtu wa mbuzi. Alinunua mnadani Bisil, wakati mwingine alishuka mpaka Rombo kule mpakani, akarudi na pikapu imejaa na kanzu inanuka beberu. Nyumbani tulizungumza Kisomali, ngazini Kiswahili, na mimi nilikuwa naelewa zote mbili pamoja na Kikikuyu kidogo cha Mama Njeri, mwenye jumba. Hilo la kuelewa hakuna aliyelijua. Kinywa changu kilichelewa. Neno likitoka kichwani lilifika midomoni limechoka, na likifika, watu walikuwa wameshahamia mazungumzo mengine.

Daktari mmoja alimwambia Hooyo nina mtindio wa ubongo, na kwamba mimi ni wa kubebwa tu. Hooyo alilichukia lile neno. Mtu akisikia ubongo anafikiri hakuna kitu humo ndani. Kwa hiyo alisema kama wazazi wengine aliokutana nao hospitalini walivyosema: ako na sipii, jina la ugonjwa uleule kwa herufi mbili za Kiingereza. Nami nilidhani Sipii ni mtu. Nilidhani ni mgeni aliyeingia mwilini mwangu siku nilipozaliwa, na kwamba miguu inapojikunja kama mkasi ni yeye anayeivuta kutoka ndani. Nilimpa sura. Alikuwa mwembamba, ana kucha ndefu, na hapendi maji baridi. Wageni walipouliza, "Huyu ako na nini?" wakiniangalia mimi lakini wakimuuliza Hooyo, nilingoja aseme Sipii anaondoka lini. Hakusema kamwe. Walitikisa vichwa, wakasema pole, wakanywa chai, wakaongea habari zangu zote mbele yangu kama mtu anavyoongea mbele ya kabati.

Sikuwa nimetimiza miaka kumi mradi ulipofika Kitengela. Mama mmoja wa kujitolea katika mambo ya afya alipita mlango kwa mlango akiuliza kama kuna watoto kama mimi. Alieleza kwamba mtaalamu wa mazoezi yuko Kajiado, ni mmoja, na watoto wametapakaa kutoka Kimuka mpaka huku kwetu, na si kila mzazi anaweza kubeba mtoto mzito barabarani kila wiki. Kwa hiyo mtaalamu atakuja kwa tableti. Tungepewa tableti ya mradi, na bando, na yeye angetuona na sisi tungemwona. Hooyo alisita, lakini Aabo alisema, "Atatuona kama wale wa habari? Basi na aone."

Ndani ya nyumba mtandao ulikuwa haushiki. Tulipanda juu kabisa, kwenye paa la kuanikia nguo, katikati ya matangi ya maji. Hooyo alitandika godoro la zamani, akaegemeza tableti kwenye beseni. Upepo ulipiga mashuka ya Mama Njeri puu puu. Picha ikakwama, ikakatika, ikarudi, na ndani yake alikuwepo mwanamke mwenye mwanya na shanga ndogo za rangi shingoni.

"Sopa, Hamdi!" akasema.

Hakusema "habari ya mtoto." Alisema Hamdi.

Hooyo akajibu haraka, kama alivyozoea kunijibia, "Mzuri, hajambo, lakini haongei sana."

"Mama, subiri kidogo. Nimesalimia yeye. Hamdi, hiyo ni salamu ya kwetu. Mtu akikuambia sopa, wewe unasema epa. Niko hapa, sina haraka."

Nililitafuta lile neno. Shingo ilijivuta, mkono ulipanda juu wenyewe, mate yalitoka. Hooyo alitaka kunifuta, na yule mwanamke akamzuia kwa kiganja. Shuka likapiga. Picha ikakwama nikadhani ameondoka, ikarudi, bado anangoja. "E-pa," nikasema. Akapiga makofi mara moja tu, kama mtu aliyefunga mlango vizuri, akasema, "Sawa. Sasa tufanye kazi."

Jina lake lilikuwa Silantoi. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa kijani, na mimi nilidhani ule ukuta ndio Kajiado. Watu walisema Silantoi yuko Kajiado, na kila nilipomwona alikuwa kwenye kile chumba. Kwa hiyo Kajiado ilikuwa chumba kimoja cha kijani chenye mtu mmoja ndani, na mtu huyo alikuwa wangu. Aabo aliposema anapitia Kajiado na mbuzi, nilishangaa wanatosha vipi.

Kazi ilikuwa kazi kweli. Silantoi alimfundisha Hooyo kupaka mikono mafuta ya kukamulia ng'ombe, kushika goti langu hivi na kisigino hivi, na kunyoosha polepole mpaka msuli wa nyuma ya paja uchoke kubisha. Iliuma. Nilimtukana Kisomali, na kwa kuwa hakuelewa aliuliza, "Amesema nini?" Hooyo kwa aibu akasema, "Amekushukuru." Silantoi akacheka. "Hiyo si sura ya kushukuru." Kisha akaniambia mimi, "Hamdi, ikiuma sana inua kidole. Ikiuma kidogo, tukana." Nilitukana sana miezi ile.

Yeye ndiye aliyemwambia Aabo ashushe kamba moja ya nguo mpaka ifike kifuani kwangu. Aabo aliifunga kati ya nguzo mbili za chuma, akaivuta kwa nguvu zake zote. Kazi yangu ikawa kusimama nimeishika kwa mkono mmoja, na kwa mwingine kubana soksi kwa vibanio. Mwanzoni Hooyo alinishikilia kiunoni. Halafu alinishikilia kwa vidole. Halafu siku moja vidole havikuwepo, nikageuka kumwona ameketi kwenye godoro ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio wake, na Silantoi kwenye tableti anasema taratibu, "Usimshtue, mama. Mwache aanike soksi."

Nilianika soksi za jumba zima. Mama Njeri aliniletea za wapangaji. Nyumbani niliacha kutambaa. Nilitoka chumba mpaka chumba kwa kushika kiti, meza, ukuta. Niliviona vitu kutoka juu: vumbi juu ya redio, sukari ndani ya kikombe. Magoti yangu yaliyokuwa magumu kama kwato yalianza kulainika, na Hooyo aliyashika usiku akiyapapasa kama kitambaa kipya. Nilijua kabisa Sipii anafungasha vitu vyake.

Halafu wakaja watu wa kamera.

Walitanguliwa na simu kwamba wageni wa mradi wanakuja kumwona mtoto aliyefanya vizuri. Hooyo alinivisha gauni la njano la Idi. Akaja mwanamke mmoja aitwaye Madam Doreen, mwenye viatu vyeupe, pamoja na kijana wa kamera. Aabo alikuwa Bisil. Tulipanda juu, na nilipanda nikishika ukuta wa ngazi, Hooyo nyuma yangu, ili wanione. Madam Doreen alipiga picha kwa simu yake akasema, "Wow, huyu ni mwenyewe." Kisha akaangalia paa, akaangalia jua, akasema na Hooyo.

"Mama Hamdi, sasa tunaanza na ile ya kwanza. Mtoto ashuke chini."

"Chini wapi?"

"Hapo kwa simiti. Atambae kidogo tu, vile alikuwa anatambaa kitambo."

"Lakini siku hizi hatambai. Anasimama. Si umeona ngazi?"

"Nimeona, na tumefurahi sana. Lakini mama, wale wanatoa pesa ya hii mradi wako mbali. Hawakumwona kitambo. Lazima waone ametoka wapi ndio waelewe amefika wapi. Sindio?"

"Hapana," nikasema.

Neno hili linaanza na pumzi, na pumzi ndiyo inayonisumbua. Nilipofika kwenye "pana" Madam Doreen alikuwa ameshageuka, anamwelekeza kijana asimame wapi ili nguo zisitokee. Lakini Hooyo alikuwa ameketi karibu yangu. Hooyo alisikia. Nilimwona amesikia.

Mama wa Kisomali humwita mtoto wake kwa jina analoitwa yeye. "Hooyo," akaniambia, sauti ya chini, "fanya kidogo tu. Wasije wakakasirika na sisi."

Akanishika makwapani akanishusha.

Nimemsamehe mama yangu mambo mengi, na hili nimelisamehe pia, lakini sitaliandika kana kwamba lilikuwa dogo. Yeye ndiye aliyenishusha. Mikono ileile iliyokuwa imenyoosha miguu yangu miezi yote ilinikunja tena na kuniweka kwenye saruji ya jua la adhuhuri. Magoti yangu, yaliyokuwa yamelainika, yaliungua. Nilibaki hapo kwa miguu minne kama mbuzi wa Aabo anayengoja kushushwa kwenye pikapu.

"Tambaa kuja huku, siz," kijana akasema. "Njoo polepole."

Nilianza kulia. Hooyo akainama kunifuta uso kwa mtandio.

"Mama, usimfute," akasema Madam Doreen. "Acha hivyo kwanza."

"Iko poa hivyo," kijana akasema.

Nilitambaa. Nilifika kwenye viatu vyeupe nikaambiwa nirudi, kwa sababu kivuli kilikuwa kimeingia. Nikatambaa tena. Halafu wakasema tayari, sasa asimame pale kwa kamba. Hooyo alininyanyua bila kuniangalia. Miguu ilikuwa inatetemeka, Sipii alikuwa amerudi na kucha zake zote. Madam Doreen akaniambia cheka. Sikucheka. Akampigia Silantoi kwa tableti, na uso wake ulipotokea mbele ya ule ukuta wa kijani, mwanya na shanga, nilicheka mwenyewe bila kuambiwa. Kicheko kile ndicho kitu pekee cha kweli katika video yote, na hakikuwa chao.

"Hamdi! Mbona macho mekundu? Umelia?" Silantoi akauliza.

"Ni jua tu, Silantoi," Madam Doreen akasema, na akageuza tableti upande wa matangi. "Tuko karibu kumaliza. Asante."

Haikupita muda mrefu, mwanamume akaja na pikipiki na begi la mgongoni. Alikunywa chai ya Hooyo, akasifu maziwa yake, akasema programu imekwisha na tumefanya vizuri sana, na amekuja kuchukua tableti. Alichomoa na chaja. Nilimuuliza, "Si-lantoi?" Akamgeukia Hooyo. "Anasema nini?" Hooyo akasema, "Anasema kwaheri."

Hakuna aliyenieleza chochote zaidi ya hapo. Nilikaa nikafikiri peke yangu, na kwa vile nilikuwa mtoto nilifikiri kama mtoto. Watoto wa chuo cha Kurani kwenye ghorofa ya pili waliposhindwa kusoma sura, mwalimu aliwarudisha mwanzo. Alifu, be. Mimi nimeshindwa. Nilisema hapana, nikalia, nikatambaa vibaya mpaka nikarudishwa mara ya pili kwa ajili ya kivuli. Wamekasirika na sisi, kama Hooyo alivyoogopa, wakachukua tableti na Silantoi ndani yake. Kumrudisha kulikuwa na njia moja. Nirudi mwanzo, nijifunze kutambaa vizuri, ili wakija tena na kamera nifanye bila kulia.

Hooyo alipokuwa chini dukani, mimi nilitambaa. Nilitoka mlango wa jikoni mpaka mlango wa chumba, nikageuka, nikarudi. Nilijizoesha kutolia. Nilijizoesha hata kuacha mate yatoke, kwa kuwa walionekana kuyapenda. Nikisikia nyayo zake ngazini, nilijivuta kitini nikakaa. Miguu yangu ilifurahia. Miguu ya namna yangu inapenda kukunjika, ukiipa nafasi kidogo inachukua yote. Visigino vikapanda. Tulipopanda juu jioni kuanika soksi, kwa kuwa Hooyo aliendelea kama alivyofundishwa, nilisimama kwa vidole kama mtu anayechungulia ukuta. Siku nyingine sikusimama kabisa. Hooyo alinyoosha, akapaka mafuta, akalia. Alimwita shehe anisomee. Alimwambia Aabo ugonjwa umerudi.

Siku aliyonikuta alikuwa amesahau mkasi. Alipanda viatu mkononi, sikumsikia. Nilikuwa katikati ya sebule, magoti yamepasuka, kidevu kimelowa.

"Hamdi! Umeanguka?"

"Hapana."

"Unafanya nini basi?"

Aliketi chini, kwa mara ya kwanza akangoja kama Silantoi alivyongoja. Nikamwambia. Ilichukua muda. Nilimwambia najifunza kutambaa vizuri. Wakirudi wa kamera sitalia. Watafurahi, watamrudisha Silantoi.

Sikuwa nimewahi kumsikia mama yangu akipiga kelele namna ile, wala sijamsikia tena. Hakunipigia mimi. Alipigia ukuta, akapigia viatu vyeupe, akajipigia mwenyewe, akawa anajipiga mapajani kwa viganja vyote mpaka Mama Njeri akaja mbio akidhani kuna msiba. Kisha akaninyanyua, akaosha magoti yangu, akampigia Aabo simu. "Kesho ukienda Bisil unatupeleka Kajiado," akasema. "Nafasi utapata. Acha mbuzi."

Tulikwenda mbele ya pikapu, watatu tumebanana. Nilikuwa nangoja chumba. Nikaona Isinya, nikaona tambarare, ng'ombe, vibao vya kuuza ploti, tena tambarare, kisha mji mzima wenye maduka, misikiti na makanisa. Aabo akasema, "Hii ndiyo Kajiado." Nilimwambia si yenyewe.

Ukuta wa kijani ulikuwepo. Lakini ukijani uliishia kifuani, juu ulikuwa mweupe mchafu, na upande ambao tableti haikuwahi kuonyesha kulikuwa na benchi limejaa watoto. Wengine wamepakatwa, wengine vichwa vimelala begani mwa mama zao, mmoja anatukana Kimaasai kwa sauti ambayo niliitambua mara moja. Silantoi alikuwa amepiga magoti mbele ya huyo. Alikuwa mfupi. Alipotuona aliinuka na uso wake ukafunguka.

"Sopa, Ham..."

Hooyo hakumpa nafasi. Alisema yote palepale mbele ya benchi: kamera, saruji, pikipiki, magoti. Alinifunua gauni kumwonyesha. Silantoi alishika mdomo. Alisema hakujua habari ya kutambaa. Alisema aliuliza mbona nimelia, akaambiwa ni jua. Niliona anasema kweli. Hooyo naye aliona, akanishusha gauni.

Lakini mimi nilikuwa na langu.

"Ulijua?" nikamuuliza.

Alingoja. Hata siku ile alingoja. "Nilijua nini, Hamdi?"

"Ita-isha."

Angeweza kumgeukia Hooyo. Alinitazama mimi. "Ndiyo. Ilikuwa ya muda. Nilijua tangu siku ya kwanza. Mama pia aliambiwa."

"Mbona... hukuniambia?"

Akachutama mpaka macho yetu yakawa sawa. Hakutafuta uongo. "Nilidhani hutaelewa," akasema.

Kwa yule wa viatu vyeupe sikuwa nimetarajia kitu. Daktari, wageni wa chai, mtu wa pikipiki, hao wote nilikuwa nimewazoea. Lakini huyu ndiye aliyengoja lile neno la kwanza juu ya paa, upepo unapiga, mtandao unakatika. Na yeye pia, katikati ya kungoja kwake kote, alikuwa amenifanya kabati. Mkono wangu wa kulia ulimrukia. Ulimkamata shanga na ukosi wa shati kwa pamoja, ukajifunga. Mkono huu ukikamata kitu kwa hasira haufunguki, hata nikiuomba. Hooyo alishtuka akaanza kuvuta vidole vyangu.

"Mwache, mama," Silantoi akasema. Alijua namna ya kuufungua ule mkono, ilikuwa kazi yake, alikuwa amemfundisha Hooyo. Hakuugusa. Alibaki pale amechutama, shingo imevutwa, uso wake karibu na mate yangu.

"Niambie sasa," nikasema. "Yote."

Akaniambia. Aliniambia Sipii si mtu. Ni sehemu ya ubongo iliyoumia nilipokuwa nazaliwa, sehemu inayotuma habari kwa misuli, na haitapona, na haihusu kuelewa. Aliniambia nikirefuka misuli itabaki nyuma ya mifupa na itauma zaidi. Aliniambia kutakuwa na miezi bila mtaalamu, na tableti zitakuja na kuondoka. Aliniambia kutambaa kule kumenirudisha nyuma na tutahitaji muda mrefu kufika tulipokuwa.

"Nitatembea?"

"Kwa kushikilia, ndiyo, ukifanya kazi. Bila kushikilia... sidhani, Hamdi."

"Usimwambie mtoto hivyo!" Hooyo akapiga kelele. "Mungu ndiye anajua! Usimwambie!"

"Hooyo," nikasema, na watu wa benchi lote wakangoja nimalize. "Nyamaza. Ni miguu yangu."

Mkono ulifunguka baadaye, wenyewe. Shanga mbili zilikuwa zimeanguka, mtoto mmoja akazitia mdomoni na mama yake akazitoa.

Baada ya hapo tulikuwa tukienda Kajiado siku za mnada wa Bisil, Aabo akituacha asubuhi na kutuchukua mbuzi wakiwa wamepakiwa nyuma. Siku nyingine hakukuwa na mnada, hatukuenda. Hooyo alinyoosha, mimi nilitukana, soksi zikaanikwa. Visigino vilishuka, si vyote, kisha vikapanda tena niliporefuka, kama nilivyoambiwa. Siku hizi natembea kwa kigari cha kushikilia na kusukuma dukani, na kwa ukuta nyumbani. Hasira bado ninayo. Watu huniambia niiache, na wengi wa wanaoniambia hivyo humwambia Hooyo aniambie.

Siku moja, nikiwa na miaka kumi na kidogo, tulifika Kajiado nikamkuta Silantoi hana mtoto mbele yake. Hooyo alikuwa bado nje anafunga mkoba. Silantoi alifunga mlango, akavuta kiti cha chini, akaketi usawa wangu.

"Nataka nikuambie wewe kwanza, kabla ya mama. Nimehamishwa. Mwezi ujao naenda Rombo. Hapa hawajapata mwingine, na sijui watapata lini."

Nilipiga meza yake mpaka kikombe kikaanguka. Nilimtukana kwa lugha zote nilizojua, na siku hizo nilijua na Kimaasai, kwa hiyo alinielewa kila neno. Hakuniambia nitulie, na nilipomtaka aniachie mimi kumwambia Hooyo, alikubali. Nilipotoka nilikataa kumpa mkono wa kwaheri, na ndani ya pikapu nililia mpaka Isinya, Aabo na Hooyo wakiniuliza mmoja baada ya mwingine nimefanywa nini. Sikuwajibu mara moja. Nilikuwa nalilia kitu nilichoambiwa mimi mwenyewe, kabla ya mtu mwingine yeyote, na nilitaka nikae nacho kidogo kabla sijawaambia.